Siku Tuliyobeba Mwanga wa Ndila

Barua ilitakiwa iondoke Nunguni siku ya Jumatatu, na Mzee Mutunga hakuwa tayari kusaini kitu ambacho hajakiona.

Ndila ni mjukuu wangu, kifungua mimba wa mwanangu Muli. Mwaka wa 1991 kanisa letu lilimdhamini akaenda Uingereza kusoma fizikia, na karatasi ya udhamini ilisema kwamba Agosti ya 1997 atarudi kufundisha wasichana wa shule yetu ya kanisa. Miaka hiyo yote wasichana walikuwa wanafundishwa fizikia na mwalimu wa kilimo, mtu mwema, lakini kila mfano wake ulikuwa wa ng'ombe. Karatasi ilisainiwa na watu watatu: pasta wa wakati ule, ambaye amekwisha kufa, Mzee Mutunga mwenyekiti wa kamati, na mimi.

Agosti ikafika na Ndila akaja, ila alikuja na ombi. Alitaka miaka miwili zaidi. Chuo chake kilikubali, lakini kilitaka barua ya wadhamini kusema wamemwachilia. Bila barua hiyo nafasi yake ingepewa mtu mwingine, na kazi yake ya miaka sita ingebaki kwenye sanduku chini ya kitanda changu, kando ya kiatu cha marehemu mume wangu.

Kamati ilimwita Jumanne. Wazee watano walikaa kwenye benchi la mbele, nami nikakaa nyuma kama mdhamini.

"Eleza," Mzee Mutunga akasema. "Lakini polepole, na usiandike ubaoni."

"Mzee, mimi ninapiga picha."

"Picha. Hata Kiema wa studio pale sokoni anapiga picha. Alisomea Machakos wiki mbili."

"Yangu ni ya mwanga kidogo sana," Ndila akasema. Alikuwa amevaa sweta yangu ya kijani kwa sababu Nunguni mwezi wa nane ni baridi na alikuwa amesahau. "Kuna kioo fulani. Ukipitisha mwanga ndani yake, mara mojamoja chembe moja ya mwanga inakufa pale na zinazaliwa mbili. Ni mapacha. Pacha mmoja namtuma kwenye kitu ninachotaka kukiona. Nyuma ya kitu hicho kuna chombo ambacho kinasema tu 'amefika', au kinanyamaza. Hakijui amefikia wapi. Pacha wa pili anaenda upande mwingine kabisa, kwenye kamera, na huko hakuna kitu chochote. Halafu naweka habari za hawa wawili pamoja, na picha inatokea upande ule ambao kitu hakipo."

Mzee Mbuvi, ambaye ndiye mweka kumbukumbu, alisoma alichoandika.

"Kwa hivyo huyu aliyepita kwenye kitu hakupiga picha, na huyu aliyepiga picha hakupita kwenye kitu."

"Ndio, Mzee."

"Na ulikuwa unategemea tusaini."

"Sasa hiyo miaka miwili ni ya nini?" Mzee Mutunga akauliza.

"Wanapotea."

"Nani?"

"Mapacha. Wanapotea njiani. Wengine wanaishia kwenye vioo, wengine chombo kinakosa kuwahesabu. Katika jozi mia moja, zile zinazofika zote mbili ni saba."

"Baada ya miaka sita ni saba."

"Nilikuta zikiwa mbili."

Mzee Mutunga alifikiri. Yeye ni mtu wa haki, hilo lazima niseme. "Taa yangu ikififia naongeza utambi. Kwa nini usiongeze mwanga?"

"Kwa sababu vitu ninavyotaka kuviona vinaharibika na mwanga mwingi. Mbegu inapoanza kupasuka. Ngozi ya ndani ya jicho. Hapo lazima mwanga uwe kidogo, na ukiwa kidogo kila pacha ana kazi. Yule aliyepoteza mwenzake ni mwanga wa kawaida tu. Hana habari ya kuniambia."

"Mimi nilisaini mwaka wa tisini na moja kitu nilichokielewa," Mzee Mutunga akasema. "Msichana anaenda, msichana anarudi, anafundisha. Hiki sikielewi. Tuonyeshe. Tukiona, tutasaini. Tusipoona, Jumatatu unaripoti kwa hedimistresi."

Ndila akatazama dirishani. Nje wanawake wetu walikuwa wanapita wakitoka shambani, watano kwa sita, majembe begani.

"Jumamosi," akasema. "Nitawaonyesha kwa karatasi." Akanigeukia mimi, bibi yake. "Susu, utaniazima mwethya?"

Mwethya wetu una wanawake ishirini na sita. Kila Alhamisi tunachimba matuta ya kuzuia udongo, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule, na kila mmoja anapimiwa hatua zake. Mimi ndiye karani tangu 1979. Rejista ninayo, jalada jeusi, na kwa miaka kumi na minane hakuna mwanamke aliyeandikwa kwamba hakufika. Si kwamba hawakosi. Mtu anaumwa, mtu ana mgeni, mtu ana mambo yake. Lakini ninapoita jina lake jirani anaitikia, "Yupo," na hatua zake zinachimbwa na waliokuwepo, wa kulia anachukua nusu na wa kushoto nusu. Mimi naandika nilichosikia. Wako tuliowachimbia mara nyingi kuliko walivyochimba wenyewe, na hakuna aliyewahi kuwataja, kwa sababu kesho ni wewe.

Ijumaa tulikata karatasi. Ndila alitaka miraba sitini na nne, minane kwenda chini na minane kwenda kando, kila mmoja na namba yake. Niliichora mimi kwa rula nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kila namba ilipata jozi tatu za vikaratasi, kwa hivyo jozi mia moja tisini na mbili, kwa hivyo vikaratasi mia tatu themanini na nne, vyote kutoka kwa madaftari ya zamani ya Muli. Nilivikata kwa makasi ya kushonea. Vilikuwa na ukubwa wa jani la mbaazi.

"Kwa hivyo mwanga wako umeandikwa namba namna hii?" nikamuuliza Ndila.

"Hapo ndipo karatasi inadanganya kidogo, Susu. Hii ina namba yake tangu iko mezani. Mwanga wangu njiani hauna namba. Unaipata ukifika, na pacha wake akifika anapata hiyohiyo."

"Anajuaje?"

"Hilo hata walionifundisha wanalizunguka."

Nikaendelea kukata.

Mpango ulikuwa hivi. Mzee Mutunga angechukua kifuniko cha katoni, achore miraba kama yangu, halafu akate humo umbo lolote analotaka, bila kumwonyesha mtu. Katoni ingewekwa kanisani juu ya viti viwili, shuka ikiwa imening'inia pande zote, na chini yake karai. Kaluki, ambaye ana umri wangu na hawezi tena kutembeatembea, angekaa chini karibu na karai asione katoni. Ndila angekaa uwanjani na vikaratasi vyake. Kila mara angetoa jozi moja bila kuchagua: mwanamke mmoja apeleke kikaratasi kanisani, mwingine apeleke pacha wake jikoni, ng'ambo ya uwanja. Kanisani Mzee Mutunga angekipokea na kukiweka kwenye namba yake. Kama pale pamekatwa, kinadondoka kwenye karai, na Kaluki anagonga kile chuma cha reli tunachotumia kama kengele. Kama hapajakatwa, kinabaki juu ya katoni, na Kaluki ananyamaza.

Jikoni tungekuwa na kalenda yangu mezani. Kengele ikilia, tunaweka punje ya mbaazi kwenye namba iliyoletwa. Isipolia, kikaratasi kinatupwa kwenye kikapu. Mwishowe punje zingechora kile ambacho Mzee Mutunga alikata, mahali ambapo katoni yenyewe haijawahi kufika.

Na kulikuwa na sharti moja. Kikaratasi kibebwe juu ya kiganja kilicho wazi.

"Mwanga haushikwi," Ndila akawaambia wanawake. "Msifunge mkono. Kuna upepo, vingi vitapeperuka, na vikipeperuka viacheni. Nataka kamati waone vikipotea. Hiyo ndiyo shida yangu yote, nataka waione."

Wanawake wakaitikia. Tukiteremka nyumbani Kaluki akasema, "Maskini mtoto. Hata hajaanza ameshajua vitapotea."

"Havitapotea," Mbula wa mwethya wetu akasema.

Nami nilikuwepo, na sikusema kitu.

Jumamosi upepo ulikuwa ule wa Agosti unaotoka bondeni ukiwa na ukungu ndani yake. Wanawake ishirini walijipanga, kumi upande wa kanisa na kumi upande wa jiko. Jikoni nilikuwa na Halima, mwenye duka la vitambaa, binti wa Yakub wa Mwingi, aliyeolewa huku miaka mingi. Si wa kanisa letu, lakini shamba lake linapakana na la Kaluki na matuta hayaulizi dini. Yeye alikuwa na bakuli la mbaazi. Mimi nilikuwa napokea mlangoni na kumsomea namba.

Jozi ya kwanza ilifika salama. Kengele haikulia, nikatupa kikapuni. Ya pili kengele ililia, Halima akaweka punje kwenye ishirini na saba. Ya nne, Mbula alifika mlangoni kiganja kikiwa wazi na hakina kitu.

"Kimeenda," akasema kwa sauti ndogo. "Kimeingia kwa ua wa shule."

Kengele ililia. Mbula akanitazama. Nilimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikachukua kikaratasi kimoja kutoka kikapuni, hamsini na tatu, nikamsomea Halima.

"Hamsini na tatu," Halima akasema, akaweka punje. "Mungu ni mwema, hakuna kinachopotea."

Baada ya hapo waliokuja mikono mitupu hawakueleza tena. Walisimama tu, nami nikainama kikapuni. Na kanisani, hili nililijua baadaye ingawa ningeweza kulikisia, mwanamke akifika mlangoni bila kitu alikuwa anakohoa, na Kaluki anagonga chuma kwa niaba yake, ili isionekane kwamba fulani amempotezea Ndila mali yake. Mzee Mutunga alisikia kengele ikilia na yeye hajaweka kitu. Alituambia baadaye kwamba alidhani hiyo ndiyo fizikia.

Ilichukua saa mbili na nusu. Ndila alikuja jikoni na wazee watano nyuma yake, wakaizunguka meza.

Kalenda ilikuwa imejaa. Punje zilikuwa juu, chini, pembeni, katikati. Palikuwa na nafasi chache wazi, na hazikufanana na kitu chochote.

"Hii ni nini?" Mzee Mutunga akauliza.

"Ni mbaazi," Halima akasema.

Mzee Mbuvi aliandika. Ndila aliinama akatazama kwa muda mrefu, mikono ndani ya sweta. Akauliza vilipotea vingapi. Nikasema hakuna. Akamwuliza Mbula, Mbula akasema hakuna.

"Hata kimoja?"

"Tulijitahidi sana," Mbula akasema.

Wazee walikwenda kunywa chai kwanza, maana uamuzi hautolewi na watu wenye baridi. Ndila alikaa nyuma ya jiko juu ya gogo la kupasulia kuni, nami nikampelekea kikombe.

"Nimekosea mahali, Susu," akasema. Hakuwa analia. Yeye akiumia anaongea taratibu kama anayesoma tangazo. "Jozi mia moja tisini na mbili, upepo kama huu, na zote zimefika. Chumba changu kule hakina upepo, hakina hata vumbi, na zinapotea. Kwa hivyo shida si kupotea. Mpango wangu wenyewe ndio mbaya. Labda hata kule ndio mbaya, na nimekaa miaka sita nikilaumu vioo."

"Kunywa chai."

"Nitawaambia nakubali. Jumatatu nitaripoti. Wasichana nao wana haki yao."

Nilikunywa yangu. Ilikuwa na tangawizi nyingi, Halima ndiye aliyeipika. Niliwaza kwamba nikinyamaza Ndila atabaki nyumbani, atalala chumba cha pili, Jumapili tutakwenda kanisani pamoja, na nitakufa yeye akiwa karibu. Sitasema sikuliwaza. Niliwaza hivyo mpaka kikombe kikafika nusu. Halafu niliwaza kwamba angekuwa akitembea kwenda shule kila asubuhi akiamini kwamba hajui kazi yake, na sababu iko ndani ya kikapu changu.

"Havikufika," nikamwambia.

"Nini havikufika?"

"Vikaratasi. Vimepotea karibu nusu. Nenda kaangalie ua wa shule, ni mweupe."

Alinitazama kama nimeanza kuongea lugha nyingine. Nikamweleza. Nikamweleza kikapu, na kukohoa nilikokuwa nakukisia, na tulivyozoea Alhamisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kila kilipopotea kimoja," akasema, "mliweka cha uongo mahali pake."

"Hatukuita cha uongo. Tuliita kumfichia mwenzako."

"Susu, kikipotea na mkanyamaza, picha yangu inapungua punje moja. Inakuwa hafifu tu. Lakini mkikijazia, inaingia punje mahali isipopaswa. Kupotea kunanipunguzia. Kujazia ndiko kunaniharibia."

"Sasa nimeelewa."

"Waambie hivyo wazee."

Hapo ndipo palikuwa na ugumu, kwa sababu kuwaeleza wazee kwa nini wanawake wote hawa wamefanya jambo moja bila kuambizana, ilinipasa nieleze rejista.

Nilisimama mbele yao wakiwa na vikombe. Nilisema nimesimama kama karani. Nilisema majaribio ya leo yameharibiwa na sisi na si na Ndila, na nikasema namna yake, na nikasema kwamba tumefanya hivyo kwa sababu ndivyo tunavyofanya kila Alhamisi.

"Tangu lini?" Mzee Mutunga akauliza.

"Tangu 1979."

"Hiyo rejista ndiyo tuliyompelekea ofisa wa serikali, D.O., alipotaka kujua wanawake wa Nunguni wanafanya kazi namna gani."

"Ndiyo hiyo."

"Alitusifu."

"Alitusifu sana," Mzee Mbuvi akasema, akifungua kurasa za nyuma kutafuta tarehe.

"Na ni nani hasa mmekuwa mkimfichia?"

"Mzee, sitataja jina. Leo tuna shauri la Ndila."

"Mama Muli, shauri la Ndila linasimama juu ya neno lako. Nikitaka kujua kama neno lako la leo ni la kweli, lazima nijue la jana lilikuwaje. Taja mmoja."

Wanawake walikuwa mlangoni, wote. Halafu Kalondu, mke wa Mzee Mutunga, akasogea mbele, akiwa bado na udongo kwenye viatu.

"Ni mimi," akasema. "Wengine pia, lakini zaidi ni mimi. Alhamisi moja hivi, Alhamisi moja vile. Nakwenda Malili kumwona Mbinya."

Watu wote wa Nunguni wanajua kwamba Mbinya ni dada yake Kalondu, na kwamba Mzee Mutunga na mume wa Mbinya waligombana mwaka wa 1982 kwa sababu ya fahali aliyeazimwa akarudi akichechemea. Mzee Mutunga alisema tangu siku hiyo mtu wa nyumba yake asikanyage kule. Kalondu alikuwa anakanyaga kila baada ya wiki mbili, anashuka na gari la asubuhi, anarudi jioni na jembe lake ambalo huliacha kwa Kaluki.

Mzee Mutunga aliweka kikombe chini. Alikiweka kwa uangalifu, akakizungusha mpaka mkono wa kikombe ukaelekea ukutani.

"Mbinya hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Magoti tu."

"Na watoto?"

"Wako wanane sasa."

"Wanane," akasema. "Matuta yako yalikuwa yanachimbwa vizuri. Nilikuwa nikikusifia."

"Yalichimbwa na Mbula," Kalondu akasema.

Mzee Mbuvi akauliza kama hili aliandike. Mzee Mutunga akasema hapana, hili halihusiani na fizikia. Halafu akasimama, akafunga koti.

"Rudieni," akasema. "Sasa hivi, kabla ukungu haujafika chini. Na safari hii kilichopotea kimepotea. Kaluki, usiguse chuma kama hujaona kitu ndani ya karai kwa macho yako."

"Hata mtu akikohoa?"

"Hata akizirai."

Tuliokota vikaratasi kwenye ua, wanawake wote pamoja na wazee wawili, na badala ya vilivyolowa nikakata vingine. Tukaanza upya. Na nataka niseme kwamba mara ya pili ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kwanza, ingawa tulikuwa na machache ya kufanya. Mwanamke akija mlangoni mkono mtupu ilinibidi nimtazame usoni, nikae na mikono yangu mapajani, wakati kikapu kimejaa karibu na mguu wangu. Kengele ililia mara nyingine na mimi sina cha kusoma. Halima alishika punje yake hewani, akairudisha bakulini.

"Huyu amekuja bure," akasema mara ya kwanza.

"Ndio, amekuja bure."

Kalondu alikuwa upande wetu wa jiko. Raundi ya nne upepo ulimnyang'anya kikaratasi katikati ya uwanja, mbele ya kila mtu. Alisimama akakiangalia kikipanda juu ya paa la kanisa. Zamani angekuja mlangoni akasimama kimya. Alisema palepale, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Changu kimepotea," na Ndila pale alipokaa akainua mkono kumwonyesha kwamba amesikia. Baada ya hapo wengine nao wakaanza kusema. Changu kimepotea. Na changu. Mbula alisema mara sita, na mara ya sita alikuwa anasema kama anayetaja bei ya nyanya.

Tulipomaliza ilikuwa karibu saa kumi. Wazee wakaja.

Punje zilikuwa chache. Pembeni hapakuwa na kitu kabisa, mistari yangu ya rula ilionekana yote, safi. Katikati palikuwa na mstari mnene wa kulala, chini yake miguu minne, mbele kitu cha kuinuka juu. Palikuwa na mapengo mawili matatu tumboni.

"Ni meza," Mzee Mbuvi akasema.

"Ni meza yenye kitu juu yake," Halima akasema. "Labda taa."

"Ni fahali," Mzee Mutunga akasema.

Tukatazama tena.

"Mguu mmoja wa nyuma ni mfupi," nikamwambia. "Hapa ziko punje mbili, miguu mingine ina tatu. Labda ile ya tatu ilipotea njiani."

Mzee Mutunga alitoka akaenda kanisani, akarudi na kifuniko cha katoni chini ya koti, na akakiweka mezani kando ya kalenda. Kilikuwa na fahali aliyekatwa kwa kisu cha ngozi, na mguu wa nyuma ulikuwa mfupi kwa mraba mmoja.

"Haikupotea," akasema. "Kisu kilipinda."

Ndila alivilinganisha kwa kidole, mraba kwa mraba. Tumboni palikosekana punje tatu. Nje ya fahali hapakuwa na hata moja.

"Hizo tatu ndizo kazi yangu," akasema. "Nikipoteza zaidi ya hapo sitajua ni fahali au ni meza. Na nikitumia mwanga mwingi, fahali mwenyewe anaungua."

"Na miaka miwili ikiisha zitakuwa hazipotei?" Mzee Mutunga akauliza.

"Zitapotea. Sasa zinafika saba katika mia. Nataka zifike thelathini. Sabini zitapotea."

"Unaweza kusema hamsini, tusaini upesi."

"Naweza, lakini haitakuwa kweli."

Mzee Mutunga akawatazama wazee wenzake. Mzee mmoja alikuwa anakula mbaazi za bakulini, mbichi.

"Mwalimu wa kilimo ataendelea," Mzee Mutunga akasema. "Wasichana watalalamika, na watakuwa na haki. Mama Muli, andika barua."

Niliandika palepale juu ya meza, kando ya fahali, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa Mzee Mbuvi. Mzee Mutunga alisema maneno nami nikayaandika. Kwamba kamati imekaa na kuona. Kwamba inamwachilia Ndila binti Muli kwa miaka miwili, mpaka Agosti 1999. Kwamba imeelezwa hasara ya njiani na imeikubali. Halafu akasimama kidogo, akamtazama mkewe ambaye alikuwa anafagia mlangoni, na akaongeza mstari mmoja wa mwisho: asiporudi tarehe hiyo, ataandikwa kwamba hayupo, na hakuna mtu atakayeitikia jina lake.

"Hiyo pia niandike?"

"Andika."

Nikaandika. Yeye akasaini, nami nikasaini chini yake, na pale pa pasta tukapaacha wazi. Ndila aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mstari wa mwisho aliusoma mara mbili, akasema, "Sawa," akaikunja barua mara tatu na kuiingiza kwenye bahasha.